Maji kabla ya kiu: maswali yenu kuhusu watoto, bwawa na michezo

Joto la kaskazi limeingia, shule zimefungwa, na barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: mtoto anacheza kutwa, anaogelea kutwa, na maji hataki kuyaona. Tumechagua saba.

Mwanangu wa miaka minne akiingia bwawani hatoki. Nikimwita anywe maji ananiambia hana kiu, na kweli hata midomo haijakauka. Baba yake anasema nimwache, ngozi inafyonza maji. Ni kweli? (Mama wa watatu, Tanga)

Hapana, mama. Tabaka la juu la ngozi lina mafuta, na kazi yake mojawapo ni kuzuia maji yasipite huku na huku. Na vile vidole vinavyokunjamana havionyeshi kuwa mwili umeshiba maji, wala kuwa umekaukiwa. Ni neva tu zinazobana vishipa vya damu vya vidoleni.

Ndani ya bwawa mtoto anapoteza maji bila mtu kuona. Anatoka jasho, hasa maji yakiwa ya vuguvugu, ila jasho linachanganyika na maji ya bwawa. Anahema kwa nguvu. Na anakojoa zaidi: maji yakimbana miguu na tumbo, damu inasogea kifuani, mwili unadhani umejaa, figo zinaanza kupunguza. Ndiyo sababu hata wewe ukikaa bwawani nusu saa unabanwa na mkojo. (Ni wangapi wanatoka kwenda chooni, hilo tuliache.) Wakati wote huo mdomo umelowa na uso umepoa, kwa hiyo kiu haimfikii. Mwanao hasemi uongo, kweli haisikii.

Kwa hiyo usisubiri kiu yake, fuata saa yako. Kwa siku ya kawaida makadirio ni haya: mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza za uzito, na mililita 50 kwa kila kilo inayozidi hapo hadi kilo 20. Mtoto wa kilo 16 anahitaji 1000 na 300, yaani lita 1 na mililita 300, ukihesabu na maziwa, uji, supu na matunda. Siku ya kuogelea unaongeza juu ya hapo. Nusu saa kabla ya kuingia, mpe mililita 100 hadi 150, kama nusu kikombe cha chai au kuzidi kidogo. Akishaingia, kila dakika 15 hadi 20 atoke anywe mafunda manne au matano. Funda la mtoto wa umri huo ni takriban mililita 15, kwa hiyo hapo amepata 60 hadi 75. Akimaliza, mpe nyingine 150 pamoja na kitu cha kula.

Sasa namna ya kumnywesha. Usimuulize "una kiu?", kwa sababu jibu unalijua. Mtie kikombe mkononi, sema "mafunda matano kisha unarudi", na mhesabu pamoja. Maji yawe ya ubaridi wa mtungini. Yale yaliyoshinda kwenye gari juani hata mtu mzima hayamteremki. Mwisho wa siku tazama mkojo: ukipauka kama maji ya ndimu, mmefanya vizuri, ukifanana na chai ya rangi, mmechelewa. Ila kama anatumia dawa ya maji ya vitamini, njano kali inaweza kuwa ya dawa.

Jumapili tunakwenda Coco Beach na watoto wa miaka 3 na 6. Huko kuna soda, juisi za boksi, madafu, barafu za ukwaju, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Kipi kinawafaa? (Baba wa wawili, Mbagala)

Maji, na beba ya kwenu. Lita 2 kwa watoto wawili wa umri huo kwa saa tatu za ufukweni si nyingi, kwa sababu nyingine zitamwagika mchangani.

Vinywaji vya kuongeza nguvu viondoe kabisa kwenye hesabu. Vina kafeini, na mtoto hana kazi nayo. Soda ya kola ina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Sukari nyingi hivyo hukaa tumboni na kuchelewesha maji kuingia mwilini, na mtoto akirudi kurukaruka kwenye mawimbi anaumwa tumbo. Juisi ya boksi ina tofauti ndogo. Kama ni lazima, wa miaka 3 asizidishe mililita 120 kwa siku na wa miaka 6 asizidishe 180. Ukiichanganya na maji nusu kwa nusu inakuwa kinywaji cha maana zaidi.

Dafu ni zuri, na watoto hulipenda. Lina potasiamu nyingi na sukari kiasi, lakini sodiamu, ambayo ndiyo chumvi kubwa inayotoka na jasho, ni kidogo. Kwa hiyo mpe nusu dafu kwa furaha, ila usilifanye dawa ya mtoto anayeharisha au kutapika. Linywewe papo hapo likishapasuliwa, maana halichukui muda kuchacha. Chumvi inayopungua itatoka kwenye chakula, na hapo Coco hamtatafuta mbali: mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi, bila pilipili kwa huyo mdogo, inatosha. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Litoe mbegu na ukate vipande virefu anavyoweza kushika na kung'ata. Maziwa baridi baada ya kuogelea nayo ni mazuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu yana sodiamu na protini, na mwili huyashika muda mrefu kuliko maji matupu.

Kuhusu barafu za ukwaju, swali si ukwaju. Swali ni maji yaliyogandishwa. Kuganda hakuui vijidudu vyote, vingi vinasinzia tu. Ukigandisha nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, hapo sawa.

Moja hujauliza: maji ya bahari. Lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo funda moja la mtoto lina kama nusu gramu. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Ili kuiondoa, zinatumia maji ya mwilini. Akimeza mafunda matatu manne kwenye wimbi, mtoe, mpe maji safi kidogo kidogo, na mpumzishe kivulini kabla hajarudi.

Mjukuu wangu ana miezi minne. Joto la huku limezidi, namwona anakaukwa midomo. Mama yake kakatazwa kliniki kumpa maji. Kijiko kimoja viwili vitamdhuru nini? (Bibi, Wete, Pemba)

Shikamoo bibi. Kliniki wamemwambia sawa. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi zaidi, ndiyo maji ya kunywa ya mtoto. Hadi atimize miezi sita hahitaji kingine hata kwenye fukuto la Februari. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo lile bila lishe, kinaweza kuleta kuhara, na yakizidi, figo changa zinashindwa kuyatoa. Chumvi ya damu inashuka na mtoto anaweza kupata degedege.

Dawa ya joto hapo ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, hata kwa dakika chache chache, na mama yake awe na chombo chake cha maji kila anapokaa kunyonyesha. Mvueni nguo nzito, mfuteni kwa kitambaa kibichi, mlazeni penye upepo. Akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, maji yanamtosha. Midomo peke yake haisemi kitu, maana hata kunyonya huikausha.

Na msimtumbukize baharini wala bwawani kwa muda mrefu kwa nia ya kumpoza. Wachanga humeza maji bila kukohoa wala kulia, na hatari ni ileile ya chumvi ya damu kushuka. Akifika miezi sita ndipo aanze maji safi kwa kikombe, pamoja na chakula, kati ya mililita 120 na 240 kwa siku nzima.

Nina watoto 30 wa PP2 (mwaka wa pili wa elimu ya awali). Michezo ya nje ni saa nzima, kuanzia saa nne asubuhi. Bomba ni moja. Niwape maji kiasi gani, na nifanyeje wasimalize kipindi kwenye foleni? (Mwalimu, Likoni)

Mwalimu, foleni ndiyo tatizo lako la kweli, kwa hiyo tuanze nayo. Watoto 30 kwenye bomba moja, kila mmoja sekunde 20, ni dakika 10. Ukifanya hivyo mara mbili, theluthi ya kipindi imekwenda, na wa nyuma wamekunywa funda moja kwa sababu wenzao wanawasukuma.

Tafuta dumu au ndoo ya lita 20 yenye koki na mfuniko. Kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama, si lazima jina, hata picha ya samaki inatosha. Kabla ya kipenga vikombe vyote viwe vimeshajazwa na kupangwa kwenye sinia mbili kivulini. Watoto wanakuja, kila mmoja anachukua chake, wanakunywa pamoja na kurudisha. Dakika mbili. Kata ya kuchotea isiingie humo ndani kabisa: mikono 30 iliyotoka kwenye mchanga ikichovya kwenye ndoo moja, wiki ijayo una watoto kumi wanaoharisha.

Kiasi: mililita 150 kabla ya kutoka, 75 dakika ya 20, 75 dakika ya 40, na 150 wakirudi darasani. Jumla ni 450 kwa mtoto. Kwa watoto 30 ni lita 13 na nusu, kwa hiyo dumu moja linatosha na kubaki. Kama maji ni ya kisima, chemsha hadi yatokote, au tumia vidonge vya klorini. Kile cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi. Ukiweka kidonge asubuhi wanapoimba, saa nne ni tayari.

Mambo mawili ya pwani. Unyevu wa hewa ukiwa mkubwa jasho linachuruzika tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Siku ambayo nguo zenu hazikauki kwenye kamba, punguzeni mbio. Pili, wape ruhusa ya kwenda chooni bila maswali. Watoto wanaozuiwa chooni hujifunza haraka kutokunywa.

Binti yangu wa miaka mitano alitoka bwawani saa nane mchana kichwa kinamuuma. Akatapika mara moja, akalala kwenye gari. Nikampa paracetamoli. Kesho yake mzima. Ilikuwa nini, na siku nyingine nifanyeje? (Mama, Muscat)

Kwa unavyoeleza, inaelekea ni joto na upungufu wa maji vilivyokwenda pamoja. Saa nane ndiyo iliyokuponza. Oman yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, Juni hadi Agosti. Kama fundi wa zege anaambiwa akae kivulini, binti wa miaka mitano hana la kufanya bwawani muda huo. Mpeleke kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni.

Siku nyingine angalia kwa mpangilio huu. Anakasirika bila sababu, anakaa pembeni, mdomo unanata: hapo mapema, mtoe, mpeleke kivulini, mpe maji. Kichwa kinauma, kichefuchefu, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, analia bila machozi, macho yameingia ndani: hapo maji matupu hayatoshi, tumia ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Unaweza pia kubana ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili kisha ukaachia. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, ni hospitali.

Pakiti nyingi za ORS ni za lita 1 kamili, lakini ziko za nusu lita, kwa hiyo soma kabla hujapasua. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumimina nusu pakiti kwenye glasi kwa makisio. Ikiwa kali, chumvi inazidi na kuvuta maji kutoka mwilini; ikiwa nyepesi, haisaidii. Usiongeze sukari wala juisi ili inoge. Ikipita saa 24, mwaga, changanya nyingine. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si vya kurundika. Onja wewe kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mpe kwa kijiko, kimoja kila dakika mbili tatu. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole zaidi. Akina mama wengi hukata tamaa hapo, lakini mtoto anayetapika baada ya kunywa glasi nzima kwa mkupuo mara nyingi huhimili kijiko kwa kijiko.

Paracetamoli haisaidii joto la jua. Dawa hiyo hushusha homa ambayo mwili wenyewe umeipandisha. Hapa mwili umeshindwa kujipoza, ni jambo jingine. Na kulala kwenye gari ndiyo sehemu ya barua yako iliyotutia wasiwasi. Mtoto aliyechoka huamka ukimwita. Akiwa hasikii vizuri, anaongea maneno yasiyoeleweka, mwili ni wa moto sana au ameshikwa na degedege, hiyo ni dharura: piga simu au kimbia hospitali, na huku unammwagia maji na kumpepea, vitambaa vya baridi kwapani na kinenani. Usimnyweshe chochote asiyejitambua.

Mwanangu ana miaka sita na ana selimundu. Shuleni wanaanza masomo ya kuogelea. Nimruhusu? (Mama, Mwanza)

Wengi wao wanaweza, kwa idhini ya kliniki yake na kwa masharti. Mwili ukipungukiwa maji, chembe nyekundu za damu zinajikunja kwa urahisi zaidi, zinaziba mishipa midogo, maumivu yanaanza. Baridi ya ghafla nayo hufanya hivyohivyo.

Jambo ambalo walimu wengi hawalijui: kipimo cha rangi ya mkojo tulichomweleza mama wa Tanga hakimfai huyu. Selimundu huharibu mapema uwezo wa figo kubana mkojo, kwa hiyo hukojoa sana, na mkojo huwa mweupe hata akiwa amekaukiwa. Fuata saa na chupa, si rangi. Kiwango cha siku mwulize daktari wake, maana huwa kikubwa kuliko cha wenzake. Chupa yake iwe ukingoni mwa bwawa, anywe kila dakika 10 hadi 15.

Bwawa liwe la vuguvugu, si la saa moja asubuhi. Asianze kwa kurukia ndani, aingie taratibu. Akitoka tu, taulo, nguo kavu, sweta ikibidi. Asikae na nguo mbichi akisubiri wenzake. Asishindanishwe hadi achoke. Mwandikie mwalimu barua fupi yenye mambo haya, na sentensi moja ya ziada: akiomba kwenda chooni aruhusiwe mara hiyohiyo. Akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, au maumivu yasiyotulia, msisubiri kesho.

Na kwa kuwa uko Mwanza: masomo yawe bwawani. Kwenye ufuko wa Ziwa Victoria kuna kichocho, nacho hupenya kwenye ngozi bila mtoto kumeza hata tone.

Chupa ya maji ya mwanangu inanuka hata nikiiosha kila siku. Nimeshaitupa ya pili. (Mama, Dodoma)

Fungua mfuniko wote, toa mrija na ile raba ya duara iliyojificha ndani. Harufu iko hapo, chini ya raba, ambapo utaona utando mweusi au wa waridi. Sabuni inayotikiswa ndani ya chupa haifiki. Osha kila kipande kwa maji ya moto na sabuni, mrija upitishe brashi nyembamba, kisha loweka vyote dakika 30 kwenye maji yenye siki, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kikombe. Suuza, vianike vikiwa vimeachana, usifunge chupa hadi ikauke kabisa. Ukiifunga na unyevu usiku, asubuhi harufu imerudi. Ndani iwe ya maji tu, kwani juisi na maziwa ndivyo vinavyolisha ule utando. Raba ikiwa imepasuka au haitakati, tafuta raba nyingine. Chupa yenyewe huenda haina kosa.